Vitabu vya Maarifa na Faida Zake Nyumbani

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mfasiri mmoja mbele ya wanachama wa chumba cha kusomea.)

Kazi yangu ni kufasiri. Toka asubuhi hata jioni maneno ya watu wengine hupita mikononi mwangu: habari za mbolea, za kodi, za homa, za magonjwa ya ng'ombe. Kwa hiyo nimelazimika kufikiri sana juu ya vitabu vya namna hiyo, yaani vile visivyo vya hadithi wala mashairi, bali vya maarifa.

Watu wengi husema, "Kitabu ni cha mtoto wa shule. Mimi nimekwisha toka shule, nina shamba langu, nina duka langu. Kitabu cha nini?" Nami nimewaona vijana waliofaulu mtihani vizuri, wakavifunga vitabu vyao kwa kamba na kuviweka darini, na waliovisoma baadaye ni mchwa. Leo nataka kuwapa habari za vitabu vinne: kimoja cha sayansi, kimoja cha mapishi, kimoja cha elimu na kimoja cha historia, ili mpime wenyewe kama maneno hayo ni ya kweli. Lakini kwanza hapana budi niungame kosa langu.

KOSA LA KIJIKO

Zamani kidogo nilipewa karatasi ya kufasiri juu ya mtoto mwenye kuharisha. Mwajua kuwa mtoto huyo aweza kufa upesi kwa kuishiwa maji mwilini, na kwamba wakati wa kumpeleka zahanati yafaa anyweshwe maji yenye sukari na chumvi. Kipimo chake ni hiki: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, na chumvi nusu ya kijiko cha chai, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, wala visirundikwe. Mimi niliandika "vijiko 6" na "nusu ya kijiko", basi. Tena niliona fahari, kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa safi.

Kabla karatasi haijapigwa chapa nilimsomea mkunga mmoja mzee, jirani yetu. Akasikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, "Kijiko kipi, mwanangu?"

Nikakosa la kujibu. Jikoni mwake mlikuwa na kijiko cha chai, na kijiko cha kulia wali, na upawa. Kijiko cha kulia huchukua mara 3 ya kijiko cha chai, na chumvi ikizidi katika maji yale haimsaidii mtoto. Yaweza kumdhuru, hata kumwua. Nikamshukuru yule mama, nikarudi ofisini nikaandika upya. Yeye hakupata kukaa darasani hata siku moja, lakini alinifundisha kazi yangu. Tangu siku ile kila kitabu cha maarifa nakipima kwa swali lake: Je, mtu aliye peke yake, asiye na mwalimu kando yake, akikifuata kitabu hiki, atafika salama?

KITABU CHA MSHUMAA

Kitabu cha kwanza kiliandikwa kwa maneno ya Michael Faraday, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, na nyumbani kwao hapakuwa na mali. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliwekwa kwa mtu mmoja huko London ajifunze kazi ya kujalidi vitabu. Wenzake walizishona kurasa. Yeye alizishona na kuzisoma. Kitabu kimoja kilichomfungua macho kilikuwa cha kemia, kilichotungwa na mwanamke, Jane Marcet, kwa njia ya mazungumzo ya mwalimu na wanafunzi wake. Mwaka 1812 kijana huyu alipata nafasi ya kusikiliza mafundisho ya mtaalamu mkubwa, Humphry Davy. Akayaandika yote aliyoyasikia, akayajalidi vizuri kwa mikono yake, akampelekea Davy kitabu hicho. Mwaka uliofuata akaandikwa kazi kuwa msaidizi wake.

Mwaka 1831 Faraday alivumbua kwamba sumaku ikiendeshwa karibu na waya ulioviringishwa, umeme hupita katika waya ule. Juu ya msingi huo ndipo mitambo ya umeme ya mto Tana ilipojengwa, pamoja na ule wa Kindaruma wa mwaka 1968.

Lakini mtu huyu mkubwa hakuona haya kuwafundisha watoto. Mafundisho yake juu ya mshumaa yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1861, na wingi wa mambo yake mwaweza kuyajaribu usiku wa leo. Zimeni mshumaa, kisha upesi leteni kiberiti kinachowaka penye ule moshi mweupe unaopanda. Mtaona moto ukiruka na kuushika tena utambi, ingawa haukuguswa. Ndipo mtakapojua kuwa kinachowaka si utambi tu, bali ni mvuke wa nta. Shikeni kijiko cha baridi juu ya mwali. Mtaona unyevu ukikaa juu yake, kwa kuwa mshumaa ukiwaka hutoa maji. Ufunikeni kwa chupa ya kioo. Utafifia na kuzimika, kwa kukosa hewa safi. Kisha Faraday awaonyesha watoto kwamba nasi tunapopumua twatumia hewa hiyo hiyo na kutoa hewa ya ukaa kama mshumaa. Basi mtu akiisha kuelewa hayo, hahitaji kukemewa ili asilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Anajua mwenyewe sababu yake.

VITABU VYA MAPISHI

Katika mwaka huo huo wa 1861 kilitoka pia kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba cha Isabella Beeton. Kilikuwa na kurasa zaidi ya 1,000, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 60,000. Mwandishi wake alikufa mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 28 tu.

Wako wanaume watakaocheka, wakisema mapishi si elimu. Nami nawauliza: ni chuo gani kinachofunguliwa mara tatu kila siku, ambacho wanafunzi wake wakishindwa nyumba nzima hulala njaa? Kila mapishi katika kitabu hiki yalitanguliwa na orodha ya vitu vinavyotakiwa na vipimo vyake, tena yalitaja muda wa kupika, na gharama, na idadi ya watu watakaoshiba. Bibi zetu nao walijua vipimo. Walipima kwa kibaba na pishi, na kila mtu alijua kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Lakini maarifa mengi ya jikoni yalikaa katika kiganja cha mkono, na bibi alipofariki, kiganja kilizikwa pamoja naye.

Hata hivyo yapasa niseme ukweli wote. Mapishi mengi ya Beeton hayakuwa yake. Aliyatoa kwa watu wengine, na mengine kwa Eliza Acton, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1845, wala hakumtaja. Acton ndiye aliyetangulia kuorodhesha vitu na vipimo katika vitabu vya mapishi vya Kiingereza. Sifa kubwa ikaenda kwa yule wa pili. Basi tukisoma tuulize pia: nani aliyelijua jambo hili kwanza?

KITABU CHA PICHA

Cha tatu ni cha elimu. John Comenius alizaliwa Moravia mwaka 1592, akafukuzwa katika nchi yake kwa sababu ya vita na dini. Siku zile watoto walichapwa ili wakariri maneno ya Kilatini wasiyoyaelewa. Yeye akasema kwamba mtoto akione kitu kwanza, ndipo apewe jina lake. Mwaka 1656 mji wa Leszno, alimokuwa akikaa, ukachomwa moto, na maandiko yake yakateketea, pamoja na kamusi aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40. Mimi niliye mfasiri, kila nikikumbuka habari hiyo moyo hunishuka. Lakini yeye, mzee wa miaka zaidi ya 60, hakuweka kalamu chini. Mwaka 1658 kilitoka kitabu chake cha picha kwa watoto, chenye Kilatini na Kijerumani bega kwa bega, na kila kitu katika picha kimetiwa nambari inayokionyesha katika maneno. Vitabu vya watoto wetu vyenye picha ya ng'ombe na neno "ng'ombe" chini yake vyafuata njia hiyo hiyo.

KITABU CHA WATUMWA

Cha mwisho ni cha kwetu. James Mbotela alikuwa wa jamaa ya watumwa waliofunguliwa, nao walikaa Freretown, karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa mwaka 1875. Miaka miwili kabla yake, Sultani Barghash wa Unguja alikuwa ametia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, ingawa utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukufutwa hata mwaka 1907. Mbotela akayakusanya mambo aliyoyasikia kwa wazee, akayaandika kwa Kiswahili katika kitabu kiitwacho "Uhuru wa Watumwa", kilichotoka mwaka 1934. Kama asingaliandika, tungalibaki na kengele ya Kengeleni tu, nayo hulia lakini haielezi.

Wako wataalamu waliomlaumu baadaye kwamba aliwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama yao ina haki. Lakini dawa ya kitabu chenye upungufu si kukitupa, bali ni kuweka kitabu kingine kando yake, na kuwasikiliza wazee wa upande mwingine pia. Historia husomwa kama shauri linavyosikizwa barazani: haikatwi kwa shahidi mmoja.

MANENO YA MWISHO

Mabibi na mabwana, Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baba zetu waliupita mlango ule wakienda kazini, wakijua kusoma, wala wasiingie. Itakuwa aibu gani kwetu tukiachiwa mlango wazi nasi tukaupita vile vile?

Basi kila mmoja na avishushe vitabu vyake darini, avipanguse vumbi. Baba na asome kwa sauti jioni, mama na watoto wakisikiliza. Au mama asome, baba asikilize, si vibaya. Wala msikiamini kitabu kwa sababu tu kimepigwa chapa, kwa maana sisi tunaoviandika tu wanadamu, na nimekwisha waambia nilivyokosa. Mkifika penye neno lisilo wazi, simameni hapo hapo mwulize kama yule mkunga alivyouliza: "Kijiko kipi?" Kuuliza si ujinga. Mwandishi mwema atashukuru kuulizwa, na pengine mtoto atapona.