Tajiri Aombapo Dhamana ya Uongozi

Wasikilizaji wetu wa Benaco, Ngara na Biharamulo, baada ya taarifa ya habari natuzingatie jambo moja: mfanyabiashara anayeingia katika siasa. Mathalani Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, ambaye, ilhali akishiriki kuongoza tijara kubwa ya familia yake, aliingia Bungeni mwaka 2005 kwa tiketi ya CCM, akawakilisha Singida Mjini hadi mwaka 2015.

Kwa nini jambo hili latuhusu? Kwa sababu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki hisa katika kampuni au nyumba za kupangisha, hata Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalilegeza sharti hilo.

Wapo wasemao, wala hawakosi hoja, kwamba aliyejaaliwa riziki yake hatamani hazina ya umma. Kwa upande wa pili, ambao kwangu una uzito zaidi, huulizwa: atungapo sheria ya kodi, atamkumbuka muuza ndizi wa njia panda ya Benaco? Sheria ya Maadili ya mwaka 1995 humwamuru kiongozi atangaze mali zake. Je, tangazo hilo latosha kumlinda mnyonge?