Wanale na Misitu ya Uganda: Somo Letu Hapa Kiryandongo

(Maneno ya mwalimu wa shule ya kambi katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Nimeombwa niseme machache juu ya nchi iliyotupokea. Kwa kuwa nafundisha jiografia, nitaanza na ramani. Uganda haina pwani. Toka Kampala hadi bandari ya Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wenzetu waliotoka Kenya mwaka 2008 wanakumbuka jinsi ghasia zilivyofunga njia, na petroli ikaadimika Uganda. Baadaye malori yalirudi, na petroli ikarudi. Lakini mvua na udongo haviletwi na lori. Vitu hivyo viwili hutunzwa na misitu.

Mvua yetu hutoka Bahari ya Hindi na Ziwa Viktoria. Msitu huipokea, huinywa kwa mizizi, kisha huirudisha hewani kwa majani, ikawe wingu la watu wa mbele. Mabira, kati ya Kampala na Jinja, ni msitu wa namna hiyo, wenye kilomita za mraba zipatazo 300. Mwaka 2007 serikali ilikusudia kutoa hekta zaidi ya 7,000 za Mabira zilimwe miwa. Watu waliandamana Kampala mwezi wa Aprili, na wengine walipoteza maisha. Mpango ule ukasimamishwa. Hata hivyo, katika nchi nzima misitu ilipungua kutoka asilimia 24 ya ardhi mwaka 1990 hadi asilimia 9 mwaka 2015.

Sasa twende mashariki, Mbale. Juu ya mji huo umesimama Wanale, mgongo wa Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Mji uko kwenye mita 1,100 hivi. Wanale hupita mita 2,300, na maji huporomoka kwenye majabali yake. Udongo wa huko ni wa volkano, wenye rutuba, unaostawisha kahawa na migomba. Watu ni wengi na mashamba ni madogo, kwa hiyo jembe limepanda mteremko. Siwalaumu, mwenye watoto hulima penye nafasi. Lakini mteremko ukikosa mizizi ya kuushika, mvua kubwa huulegeza. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa, mlima uliporomoka ukafukia kijiji cha Nametsi na mamia ya watu. Mwaka 2018 Bududa ililia tena. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu Mbale.

Ndugu zangu, habari hii si ya mbali. Baadhi ya walionusurika mwaka 2010 walihamishiwa hapa Kiryandongo. Sisi tulikimbia bunduki, wao walikimbia udongo, na leo tunakutana sokoni na kisimani. Tukitaka kujua thamani ya mti, tusingoje vitabu. Tuwaulize jirani zetu.

Wako wanaosema, "Hii si nchi yetu, tupande miti ya nini? Kesho tutarudi kwetu." Nawajibu hivi: kuni tunazopikia leo ni za nchi gani? Kila mwaka mama zetu na binti zetu huenda mbali zaidi kutafuta kuni, na huko porini ndiko kunakoanza ugomvi na wenyeji. Mti uliopandwa karibu na nyumba humpunguzia binti safari ile, naye hupata muda wa kusoma.

Naiomba Kamati mambo matatu. Kila nyumba ipande miti ya kuni mpakani mwa kiwanja chake. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwa maana hunywa maji mengi. Na bustani ya miche ya shule iwe ya watoto wetu pamoja na wa wenyeji.

Mwisho, wanafunzi, tazameni ramani. Maji ya Wanale hushuka mabondeni, huingia Ziwa Kyoga, huungana na Nile iliyotoka Jinja, kisha hupita mashariki mwetu kuelekea Karuma. Maji hayo hayamuulizi mtu kitambulisho. Anayeyanywa ana wajibu wa kuyalinda.