KURUHUSU AU KUZUIA?

Somo letu latoka katika Injili ya Marko, sura ya 10, mstari wa 13 hadi wa 16.

Wengi wetu twalijua neno la Kiingereza "let". Mtoto wa shule atakuambia maana yake ni kuruhusu. Mjini Nairobi twaliona kwenye kibao, penye nyumba inayopangishwa. Lakini ukiifungua Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotolewa mwaka 1611, katika Warumi 1:13 utasoma ya kwamba Paulo alikusudia mara nyingi kwenda Rumi, lakini neno lililotumika juu yake ni hilo hilo "let". Je, aliruhusiwa? La! Alizuiliwa, kama Biblia yetu ya Kiswahili inavyosema wazi. Hapo kale yalikuwa maneno mawili, moja la kuruhusu, la pili la kuzuia au kuchelewesha. Miaka ilipopita, matamshi yake yakawa mamoja.

Basi neno moja laweza kufungua mlango, na laweza kuufunga. Na mtu ni vivyo hivyo. Wanafunzi waliowakemea wale walioleta watoto hawakuwa adui wa Yesu. Walikuwa rafiki zake, na labda walidhani wanamlindia Bwana heshima yake. Lakini Yesu alichukizwa. Akawaamuru wawaache watoto waje, wala wasiwazuie.

Ndugu mzee wa kanisa, mama mpendwa, yuko msichana aliyezalia nyumbani, ambaye haji tena ibadani kwa sababu ya maneno aliyoambiwa mlangoni. Yuko maskini anayeona haya kuja kwa kuwa hana cha kutoa siku ya harambee. Kinywa chetu chamwambia "karibu", lakini uso wetu wamwambia "rudi". Je, yeye asome maana gani?

Juma hili mtafute mmoja wa hao. Nenda kwake, wala usiende na mashtaka. Mwambie, "Njoo twende pamoja," kisha ukae naye benchi moja.

Tuombe. Ee Bwana, utuondoe njiani pale tunapozuia, utuweke mlangoni tupate kufungua. Amina.