Ladha ya Msomaji Kijana na Rafu ya Riwaya ya Kiswahili

Riwaya ya kijana ni ile ambayo msomaji wa umri wa miaka 12 hadi 18 anaweza kuichukua kwa hiari yake, akaimaliza, kisha akaulizia nyingine. Umri wa mhusika mkuu pekee hautoshi kuifanya hivyo, wala maandishi ya mchapishaji kwenye jalada. Nchini Marekani wengi huanza kuihesabu tanzu hii mwaka 1967, S. E. Hinton alipochapisha The Outsiders akiwa bado kijana mwenyewe. Lakini vijana walisoma riwaya muda mrefu kabla hawajatengewa rafu yao. Katika Afrika Mashariki, kizazi kizima cha wasomaji wa Kiswahili kilikulia kwenye Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1920. Hazikulengwa kwa vijana tu. Vijana walizishika kwa sababu zilikuwa na safari, hatari na mali iliyofichwa.

Swali la msingi ni namna ya kumkutanisha kijana fulani na riwaya fulani itakayompendeza. Katika shule za Tanzania na Kenya swali hili mara nyingi hujibiwa kwa kutaja dhamira. Mwanafunzi hufundishwa kwamba Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ni riwaya ya umaskini na elimu, naye akiomba kitabu kingine kama hicho hupewa kingine cha umaskini. Ukweli ni kwamba dhamira haisemi lolote kuhusu ladha. Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka mwaka 1975, inahusu umaskini. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, nayo inahusu umaskini. Lakini Mbogo anawafuata watoto wa Dar es Salaam waliofukuzwa shule, Balisidya anamfuata kijana anayeacha kijiji kwenda kutafuta maisha mjini, na Shafi anawaingiza wasomaji bandarini Unguja, kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Aliyeipenda ya kwanza kwa huruma yake kwa watoto huenda akaichoka ya tatu kabla ya kufika katikati. Aliyekuwa akitafuta mapambano ya wanyonge dhidi ya wakubwa huenda akaanza na hiyo ya tatu na asiiweke chini.

Mpangilio wa maktaba nao hausaidii sana hapa. Katika mfumo wa Dewey, fasihi ya Kiswahili hupewa namba 896.392, na riwaya ya kijasusi hukaa ubavuni mwa riwaya ya falsafa kwa kuwa majina ya waandishi yamefuatana kialfabeti. Namba inaonyesha lugha. Haionyeshi kama kitabu kinakwenda mbio au kinatambaa, kama kinachekesha au kinaliza. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras nchini India, aliandika kanuni tano za ukutubi, na miongoni mwake aliweka kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Kazi ya kuwakutanisha wawili hao imebaki mikononi mwa binadamu.

Wakutubi wa Marekani wameifanyia kazi hiyo utaratibu. Mwaka 1989 Joyce Saricks na Nancy Brown walieleza kwamba msomaji huvutwa na mambo kama kasi ya masimulizi, uchoraji wa wahusika, mwelekeo wa kisa na mazingira yake. Baadaye Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, alisema kuna milango minne ya kuingilia kitabu: kisa, mhusika, mahali na lugha. Kila riwaya ina yote minne, lakini mmoja huwa mpana kuliko mingine, na kila msomaji ana mlango anaopenda kupitia. Ugawaji huu unaifaa riwaya ya Kiswahili vizuri kuliko orodha ya dhamira, kwa sababu unaanzia kwa anayesoma.

Kinachotangulia ni mazungumzo. Kijana akiulizwa anapenda vitabu gani, hujibu kwamba hajui, au hutaja kitabu cha mtihani. Swali lenye manufaa zaidi ni kumtaka asimulie kitu cha mwisho kilichomkosesha usingizi, kiwe kitabu, filamu, tamthilia ya televisheni au hadithi ya gazetini iliyokatishwa kwa neno itaendelea. Hadithi hizo za magazetini, kama zile zilizompa Eric Shigongo umaarufu, zisidharauliwe. Ndizo zilizowafundisha vijana wengi kusubiri sura inayofuata, na anayejua kusubiri sura amekwisha kuwa msomaji. Akisimulia, asikilizwe anasimuliaje. Atakayeanza na nani alimuua nani amepita mlango wa kisa. Atakayeanza na jinsi binti alivyoteseka amepita kwa mhusika. Na anayeeleza kwanza zile nyumba, ile bahari na mavazi ya zamani, huyo anatafuta mahali. Lifuatalo ni swali la kinyume, kitabu alichokiacha njiani na sababu ya kukiacha, na mara nyingi jibu la hili ndilo linaloamua.

Mlango wa kisa ndio wenye hazina kubwa zaidi katika Kiswahili, na ndio ambao shule imeugusa kidogo kuliko yote. Wahakiki waliziita riwaya hizi riwaya pendwa na wengine wakaziweka daraja la chini. Hukumu hiyo iliwanyima vijana vitabu walivyokuwa wakivihitaji. Tena wapenzi wa taharuki si wa aina moja. Wapo wanaopenda fumbo, na hao ni wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, inamleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa hapigani. Anauliza, anakaa kimya, anapanga dalili, kisha anazikusanya mbele ya watu. Aliyeipenda akapewe Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Anayetaka mikikimikiki atamwona Bwana Msa ana maneno mengi. Wa kwake ni Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, ambaye kazi zake zinamvusha mipaka hadi Kinshasa na kumkutanisha na maadui wa ukombozi wa Afrika. Hapa kasi ni kila kitu, na siasa za kusini mwa Afrika za miaka ya 1970 zinaingia akilini mwa msomaji bila yeye kuhisi kwamba anafundishwa historia.

Kati ya hao wawili yumo Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mwandishi aliyefariki mwaka 2008. Joram ana akili ya mpelelezi na mbio za jasusi, ila ana ucheshi na uchungu wa moyo ambao Gamba hana. Kijana anayesema alipenda mapigano lakini alitaka kumjua mpiganaji aanze na Salamu kutoka Kuzimu. Asiyewahi kumaliza riwaya yoyote apewe Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965. Ni fupi, kifo kinaingia mapema, na kumaliza kitabu kizima humpa kijana ujasiri ambao hotuba juu ya faida za kusoma haziwezi kumpa. Tahadhari moja inahitajika: Musiba na Mtobwa waliandikia watu wazima, na mapenzi na damu vimo. Kwa msomaji wa miaka 13 mtu mzima avisome kwanza. Kwa wa miaka 17 kuvificha ni kumfukuza maktabani.

Wanaopita mlango wa mhusika mara nyingi hutaka kuishi na mtu mmoja kwa muda mrefu, hasa akisimulia mwenyewe. Hakuna riwaya iliyowafaa hawa nchini Kenya kuliko Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Kijana mwenye jina la Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuvuka nchi hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Iliwahi kuwa kitabu teule cha mtihani, na bado wapo watu wazima wanaoitaja kwa mapenzi, jambo ambalo vitabu vya mtihani hulipata kwa nadra. Aliyeimaliza hapaswi kupewa tu kitabu chochote cha Walibora. Kama kilichomgusa ni upweke wa kijana, kuna Kufa Kuzikana, ambamo urafiki wa vijana wawili unapimwa na uhasama wa kikabila. Kama kilichomgusa ni safari, Peponi ndiyo inayofuata, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 anapoondolewa kwao, na msafara wa biashara unampeleka mbali bara. Ni riwaya ya taratibu zaidi, na kijana aambiwe hivyo mapema ili asiidhanie vingine.

Kwa wasichana wanaotaka mhusika anayevunja kuta, Utengano ya Said Ahmed Mohamed ina Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake hadi akatoroka. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, inamfuata msichana aliyelelewa kwa ukali kisha akaachiwa dunia bila kuandaliwa. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa uwazi wake, na baadaye ikafundishwa. Zote mbili zina maumivu makali. Kumpa msichana riwaya hizi kama onyo ni kuziharibu. Azipate kwa sababu Maimuna na Rosa ni watu kamili, na zifuatiwe na mazungumzo kama atayataka. Wavulana nao wasinyimwe kwa kudhaniwa kwamba hawatapenda kusoma habari za wasichana.

Mlango wa mahali na wakati unahitaji maneno machache, kwa kuwa riwaya moja inatangulia nyingine zote. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, inaijenga Unguja ya miaka ya 1950 kwa vichochoro, mikahawa na siasa zake, ndani yake Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza, na Denge mpigania uhuru. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imeifungulia wasomaji wapya. Kijana aliyetazama filamu apewe kitabu mara moja, kabla hamu haijapoa. Kwa mpenzi wa hadithi za mapenzi, hii inamfaa vilevile, pamoja na Mfadhili ya Hussein Tuwa.

Anayetaka maajabu ana rafu nyembamba, ila si tupu. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inamtoa Dzombo katika nchi yenye dhuluma na kumrusha kwenye ulimwengu mwingine ulio kinyume chake. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed inamrudisha mfu kumsumbua mjukuu aliyeneemeka kwa ufisadi. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila ni ngumu zaidi, na inamfaa mwenye miaka 17 au 18 anayependa kukuna kichwa. Kijana aliyezoea filamu za wachawi na wanaanga aelezwe kwamba hapa maajabu yamebeba siasa.

Lugha ni mlango na pia inaweza kuwa kizuizi. Kiswahili cha Muhammed Said Abdulla kimejaa Kiunguja cha zamani. Msomaji wa Mwanza au Eldoret hukwama kwenye maneno ambayo kijana wa Muscat, mwenye bibi aliyezaliwa Unguja, huyasikia sebuleni. Kwa hiyo kijana afungue ukurasa wa kwanza na mwingine wa katikati, asome kimya. Akikwama mara nyingi hata kisa kikampotea, kitabu hicho kingoje. Akikwama lakini akacheka, aachwe nacho. Vilevile awe na ruhusa ya kurudisha kitabu bila kukimaliza. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac aliiweka haki hiyo miongoni mwa haki za msomaji mwaka 1992, na shule nyingi bado hazijaitambua.

Mapengo yapo, na ustadi wa kuuliza hauwezi kuyaziba. Hadithi nyepesi za mapenzi kwa wa miaka 13 na 14 ni chache, mpelelezi msichana ni adimu, na mifululizo mirefu ya maajabu inayowaweka vijana wa lugha nyingine wakingoja juzuu ijayo karibu haipo. Tuzo ya Jomo Kenyatta nchini Kenya ina kundi la vitabu vya vijana vya Kiswahili, na tangu mwaka 2023 Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Tanzania imekuwa ikitolewa kwa uandishi bunifu, kwa hiyo miswada mipya inapata njia. Tatizo la vitabu vya zamani ni tofauti. Vingi havipatikani kwa urahisi madukani, na nakala zilizopo ziko maktabani au kwa wauza vitabu vya mitumba, kurasa zikiwa zimelegea.

Kwa hali hiyo maktaba ya shule inahitaji daftari lake la ladha, tofauti na orodha ya kawaida. Kila riwaya hupewa mistari michache: mlango wake mpana, kasi yake, ugumu wa lugha, umri unaofaa, mambo ya kutahadhari, na vitabu viwili vya kufuatia kwa sababu mbili tofauti. Mzimu wa Watu wa Kale, kwa mfano, huandikiwa kisa, kasi ya wastani, Kiunguja kizito, miaka 14 na kuendelea; kwa aliyependa fumbo, Kisima cha Giningi; kwa aliyetaka mbio zaidi, Salamu kutoka Kuzimu. Kijana anaporudisha kitabu huulizwa alifika ukurasa gani na nini kilimvuta au kumchosha, na jibu lake huongezwa chini ya mistari hiyo.