Mji Mkongwe Hulindwa na Wakaao Ndani Yake



Kusini mwa Msimbwa, katika visiwa vya Kirimba, upo mji wa Ibo, wenye majumba ya mawe na chokaa, na ngome iliyojengwa na Wareno mwaka 1791. Mafundi wake wa fedha wamesifika kwa mapambo yao, na uzuri huo wote uliwavuta wageni wa nchi za mbali.

Lakini Oktoba 2017 vita vilizuka katika wilaya hii ya Msimbwa, na wageni wakaadimika. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iitwayo Kenneth ikaupiga mwambao, ikaezua mapaa ya Ibo. Hapo ilibainika kwamba fedha ya mgeni ni kama mvua: mwaka huu hunyesha, mwaka wa pili hukosekana.

Nyumba ya chokaa yataka mkaaji wa kuziba tundu la paa kabla ya masika na kuupaka ukuta chokaa mpya. Ikiachwa tupu, maji hupenya na miti huota ukutani. Saruji nayo si dawa, kwani huufungia unyevu ndani.

Waislamu wa zamani waliijua njia, nayo ni wakfu: duka au shamba huwekwa, na pato lake likatengeneza msikiti na nyumba. Basi mgeni ajapo na apokewe kwa heshima, na sehemu ya malipo yake itiwe katika wakfu wa matengenezo. Asipokuja, ukuta utakuwa bado na mwenyewe.

Wallahu aalam.