Saini Isiyokuwepo: Mkataba wa Kuuza Ardhi Mbele ya Mahakama



Pale Kikorongo, magharibi mwa Uganda, barabara ya kutoka Kasese inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Katunguru, mwingine Bwera hadi mpakani. Kiwanja kinachotazama njia panda hiyo hujengwa duka au nyumba ya wageni. Kilicho nyuma yake hulimwa pamba. Ndiyo maana mnunuzi aliyekwisha kulipa, kisha muuzaji akageuka, hataki kurudishiwa pesa. Anataka kiwanja kile kile. Kwa kawaida mahakama zetu humwelewa, kwa kuwa kanuni ya haki tuliyoirithi kutoka Uingereza huichukulia ardhi kuwa kitu kisicho na mfano wake sokoni. Muuzaji huamriwa atimize alichoahidi, ilimradi mnunuzi naye awe ametimiza sehemu yake, au awe tayari kulipa salio lake.

Je, amri hiyo hushindikana wapi? Watu wengi hudhani ni kwenye maandishi. Kweli, Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uandikwe, na hati isiyolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini. Lakini karatasi huwa ipo. Ina majina ya mashahidi, alama za vidole gumba za wasiojua kuandika, na muhuri wa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), ambao watu wetu huuamini kuliko wakili. Niuzungumzie kidogo muhuri huo. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza ya vijiji yaliyochaguliwa chini ya mfumo wa Movement, usio wa vyama, hayakuwa halali tena katika mfumo wa vyama vingi. Uchaguzi mpya ulifanyika Julai 2018, wa kwanza tangu 2001. Katika miaka yote hiyo mihuri haikupumzika hata siku moja! Hata hivyo mauziano yaliyopigwa mihuri hiyo hayakufa, kwa sababu mwenyekiti ni shahidi tu. Kinachowafunga wauzaji na wanunuzi ni makubaliano yao.

Wala kukosa usajili hakuui mkataba. Katika kesi ya Katarikawe dhidi ya Katwiremu ya mwaka 1977, Mahakama Kuu ilisema kwamba kujua tu kuwa kuna mnunuzi aliyetangulia si udanganyifu. Lakini anayejua, kisha akakimbilia kusajili kwa nia ya kumpokonya mwenzake haki yake, huyo amedanganya, na hati yake inaweza kufutwa. Kwa mnunuzi wa kwanza aliyekwisha kujenga uzio, hukumu hiyo ni silaha nzito.

Mkataba hufia nyumbani kwa muuzaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mke au mume iliyotolewa kabla ya mauzo. Bila ridhaa hiyo mauzo ni batili, hata kama mnunuzi alinunua kwa nia njema. Anachobakiwa nacho ni haki ya kudai alicholipa. Naitetea sheria hii bila kusita. Mama anayelima muhogo kwenye shamba hilo, na watoto anaowalisha humo, hawapaswi kuamka na kukuta mipaka imepigwa na mgeni.

Ila muuzaji mjanja ameijua. Bei ya njia panda ikipanda, anamsukuma mkewe mbele aseme hakuulizwa. Hapo mahakama isiharakishe. Marekebisho ya mwaka 2004 yanaeleza ardhi ya familia ni ipi: ile yenye makazi ya kawaida ya familia, au yenye makazi hayo na inayoilisha, na pia ile ambayo familia imekubaliana, au mila inaitambua, kuwa ya familia. Kiwanja cha biashara kilichonunuliwa mwaka juzi, ambacho hakuna aliyewahi kulala wala kulima hapo, kwa kawaida hakimo. Ardhi ambayo muuzaji aliachiwa na babu mlimani ni jambo jingine. Hapo wazee wa ukoo waitwe watoe ushahidi wa mila, badala ya hakimu kuibuni mezani.

Na pale ambapo mke kweli hakuulizwa? Mauzo yafutwe, lakini muuzaji asitoke na faida. Kumrudishia mnunuzi shilingi zile zile baada ya miaka minane ni kumlipa mkosaji kwa kosa lake. Sheria ya Mwenendo wa Madai inampa hakimu mamlaka ya kutoza riba. Aitumie kwa mkono mzito, pamoja na fidia ya nyumba iliyokwisha kujengwa, na mawakili waiombe riba hiyo tangu hati ya madai ya kwanza.