Bandari ya Mbegani na Kodi Zetu



Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam, kwa kuwa meli kubwa hazikuweza kuikaribia Bagamoyo. Kodi haikuwa hoja. Bandari ya Mbegani, iliyotiliwa saini mwaka 2013, haikukwama kwa kina cha maji. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa masharti ya wawekezaji, ukiwamo upangishaji wa miaka 99. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuyafufua mazungumzo.

Ushuru wa huduma wa halmashauri ni sehemu ndogo tu ya mauzo. Sijaona kiwanda kikiukimbia huo. Mwenye mtaji huogopa zaidi neno linalogeuka. Lakini tukimsamehe kila kitu, vijana, madawati yenu yatanunuliwa na nani?